Ukuta Aliousafisha Mama Futi

Mama Futi hakuzaliwa na jina hilo, na kama unalijua lile la kwenye cheti, basi wewe ni wa ukoo wake. Futi alilipata kwa ile futi kamba aliyoizoea kuivaa shingoni tangu enzi za kushona mapazia kwenye kibaraza cha duka la vitambaa. Alikwenda nayo sokoni, alikwenda nayo msibani, na kuna picha ya harusi ya mdogo wake ambamo imening'inia juu ya gauni la hariri. Mdogo mtu bado ana kinyongo.

Kutoka mapazia alipanda taratibu. Mtu akishashonewa pazia humwuliza, na zulia la kuendana nalo nitalipata wapi? Akitafutiwa zulia huuliza, na ukuta je? Mwisho wake mwanamke huyo akajikuta anapokea nyumba nzima nzima. Mwenyewe aliiita "kazi ya funguo". Unampa funguo, unaondoka, unarudi kukuta mpaka kijiko kimelala mahali pake.

Wateja wageni wa mambo hayo aliwaketisha kwanza akawaambia kinachowasubiri, bila kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Kwanza nitakuuliza maswali mpaka unichoke," aliwaambia. "Nani anaamka wa kwanza. Ukiingia ndani funguo unazitupa wapi. Kitandani unalala upande gani. Usione haya. Halafu nitapima kila kona nikuletee mchoro, utaukataa, nitaleta mwingine, utaukubali shingo upande. Halafu utahama. Ukishahama, hiyo nyumba si yako mpaka nikuite. Fundi bomba atachelewa, rangi itakuja siyo, seremala atasema kesho, na kesho akifika atasema kesho. Hayo ni yangu, usiumize kichwa. Siku ya kukabidhi utalia. Wengine hulia kwa furaha."

Baada ya kukabidhi palikuwa na wiki ya kasoro. Alirudi na mafundi wake, mlango unaokwaruza ukapigwa randa, taa iliyokaa upande ikanyooshwa. Na mpaka wiki hiyo iishe hakutupa kitu chochote cha zamani. Vyote vilikaa kwenye stoo yake, maana alishaona watu wazima na ndevu zao wakililia kigoda kibovu.

Kazi hiyo aliiweza, tuseme ukweli. Lakini alikuwa na kiburi chake, na hicho nacho tukiseme. Alijisifu kwamba anaweza kuisoma nyumba hata kama mwenyewe hayupo. Aliwahi kuingia sebule ya watu, akatazama viti vya meza ya chakula, akamwambia baba mwenye nyumba, "Mkeo hali chakula hapa mezani, anakula amesimama jikoni." Ilikuwa kweli. Kiti kimoja kitambaa chake kilikuwa kipya kama cha dukani. Tangu siku hiyo kila mahali ni hiyo hadithi, na msemo wake ukawa mmoja: "Nyumba huniambia yenyewe."

Ndipo akaja Meneja. Mafundi ndio waliomwita hivyo, kwa sababu hata akiomba maji ya kunywa alikuwa kama anafungua kikao. Alitaka nyumba ya mama yake mzazi ifanywe upya, chini juu, wakati mama mwenyewe amepelekwa kwa binti yake kukaa na wajukuu. Mama asijue lolote. Arudi akute mambo.

"Mimi sijawahi kupamba nyumba ya mtu nisiyemwona," Mama Futi alimwambia.

"Niulize mimi. Mimi si mwanawe?"

"Haya. Anapenda rangi gani?"

"Mama? Yoyote."

"Anakaa kiti gani?"

"Chochote kilichopo."

"Anaamka saa ngapi?"

"Mapema. Wazee wote si wanaamka mapema?"

Mtu mwenye akili zake angefunga futi yake akaenda zake. Mama Futi hakwenda. Alimwona mwanamume mzima anayetaka kumfurahisha mama yake, na roho yake ikalainika. Pia kile kiburi kilimkaa kichwani. Alijiambia kwamba mtoto hata asipojua kitu, nyumba itasema.

Na kweli nyumba ilisema. Ilisema kwa sauti kubwa, nayo haikusikilizwa.

Ilikuwa nyumba ya chini, yenye korido moja ndefu na milango kulia na kushoto: chumba cha kulala mwanzo, kisha bafu, kisha stoo, na jikoni mwisho kabisa. Mama Futi aliingia peke yake siku ya kwanza, mikono nyuma, akaanza kusoma. Kwenye ukuta wa korido, usawa wa kiuno, palikuwa na mstari mweusi wa mafuta ya mikono uliokwenda kutoka chumbani mpaka jikoni bila kukatika. Kabla ya mlango wa bafu plasta ilikuwa imebanduka, pakabaki shimo la kuingia kidole gumba. Kabla ya mlango wa jikoni palikuwa na ufa. Mama Futi alisonya. Akasema moyoni, miguu imechoka, anajishikiza ukutani, na huyo Meneja hajawahi kuleta hata kopo la rangi.

"Huu ukuta umelambwa na ng'ombe?" fundi rangi aliuliza alipofika.

"Ziba kila shimo," Mama Futi alimwambia. "Piga msasa mpaka uteleze. Sitaki kuona hata kovu."

Chumbani balbu ilikuwa imeungua, na waya wake umefuga utando wa buibui. Hapo Mama Futi alitokwa na machozi, si utani. Alimwona bibi wa watu akivua nguo gizani kwa kukosa wa kumpandia kiti, akaagiza chumba kile kiwekwe taa nne. Jikoni alikuta makopo ya kila namna, yamebonyea, moja limezungushiwa mpira, jingine mipira miwili, jingine limefungwa kitambaa shingoni. Alidhani ni vifuniko vinavyolegea. Chumvi, sukari, majani ya chai, unga, vyote vikahamia kwenye mitungi ya kioo iliyofanana kama watoto wa shule, ikapangwa mstari mmoja. Kochi la sebuleni miguu yake ilikuwa imezama kwenye zulia, ishara kwamba halijasogezwa miaka. Akaiita hiyo uvivu wa kufagia. Kochi likatoka, na katikati ya sebule ikakaa meza fupi ya kioo ambayo kila aliyeiona aliishangaa.

Wiki zilikwenda. Fundi bomba alichelewa, seremala akasema kesho, rangi ya kwanza ikaja siyo. Siku ya kukabidhi nyumba ile ilikuwa imependeza hata Mama Futi mwenyewe akakaa ukingoni mwa kitanda kipya kidogo, akaitazama kazi ya mikono yake, akaridhika.

Mama mtu aliletwa na binti yake, wameshikana mikono. Alikuwa mwembamba, mnyoofu, kilemba kimefungwa vizuri, mtu asiyependa kuonewa huruma. Meneja aliwahi mlangoni akamziba macho kwa viganja vyake viwili.

"Usichungulie, mama!"

"Sichungulii, mwanangu."

Wakamwingiza hivyo hivyo. Mama Futi alikuwa amefunga mapazia na kuzima taa kusudi, kidole kiko juu ya swichi, anasubiri aambiwe. Huo ndio ulikuwa mtindo wake, giza kwanza, kisha nyumba inalipuka kwa mwanga. Binti alikuwa ameshainua simu anapiga picha za video.

"Haya, fumbua!" Meneja alisema, akaondoa viganja.

"Looo! Jamani!" mama akapaza sauti. "Nyumba nzuri hii! Yaani hata siamini!"

Kidole cha Mama Futi kilikuwa bado juu ya swichi. Hakuwa amewasha.

Aliwasha. Wanawe wakapiga makofi. Hakuna aliyegundua kitu, maana watoto walikuwa wanaitazama nyumba. Mama Futi peke yake ndiye aliyemtazama mama. Alishakabidhi nyumba nyingi, alijua macho ya mtu huenda wapi: kwanza darini, kisha mapazia, kisha chini kwenye zulia. Macho ya mama huyu hayakwenda popote. Yalikaa pale pale mbele, na tabasamu limekaa chini yake.

Mama akapiga hatua, muundi wake ukagonga meza ya kioo. Akacheka. "Miguu yangu hii!" Akazunguka, mkono ukatafuta ukuta, ukaukuta, ukashuka mpaka usawa wa kiuno. Ukateleza mbele, ukarudi nyuma, ukateleza tena kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha. Ukagonga rafu mpya na chombo cha maua kikaanguka.

Mstari mweusi, balbu, mipira kwenye makopo, kochi lililozama, vyote vilimjia Mama Futi kwa mpigo mmoja. Hakuwa ameisafisha nyumba ya mtu. Alikuwa amemfuta mtu macho.

"Mwanangu fundi," mama alisema kwa utulivu, "hebu njoo unionyeshe hizo taa za chumbani zinavyowashwa. Nyie kaeni, msitufuate."

Mama Futi akamshika mkono wakaingia. Mama akausukuma mlango ukafunga.

"Umeshajua," alisema. "Nimesikia swichi ikilia baada ya sifa zangu."

"Nimejua, mama. Nisamehe."

"Tangu lini mtu akaombwa msamaha kwa kupakiwa rangi?" Alikipapasa kitanda, akakaa. "Hawajui hawa. Huyu mkubwa akija anatazama simu. Huyu wa kike ananishika mkono tangu mlangoni, anadhani miguu. Kwake nilikaa kitini kutwa, nikasingizia magoti."

"Kwa nini usiwaambie?"

"Dada yangu aliwaambia wanawe. Wakampenda sana. Wakamchukua, wakampa chumba cha uani, na sasa akitaka maji anaita mpaka anakauka koo. Anahamishwa na kiti chake kama beseni la nguo. Hapa kwangu mimi napika, nafua, naoga, nafunga mlango wangu mwenyewe. Nikitoka hapa sina changu. Kipo kitu chochote ulichobakiza?"

"Vyote vipo stooni kwangu. Kesho naanza wiki ya kasoro. Naja na gari, nasema hiki hakikukaa sawa, kile kimepinda. Nakirudisha kila kitu mahali pake."

"Basi nivushe leo tu," mama alisema. "Kesho Mungu yupo."

Lakini leo haikuvuka. Walipotoka, Meneja, kwa furaha zake, alitaka chai ya kuzindua jiko jipya, na binti alipoinuka kwenda kuipika mama alimkatalia katakata. Wageni wake, nyumba yake, chai ni yake. Mama Futi akaingia naye jikoni kwa kisingizio cha kumwonyesha jiko jipya, akamwekea mkono kwenye kiberiti na kwenye sufuria. Maji yakachemka. Kisha mama, kwa mazoea ya miaka, akanyoosha mkono kutafuta kopo lenye mipira miwili.

Akakuta kioo. Akashika mtungi wa pili, kioo. Wa tatu, kioo. Alifungua mmoja akanusa, akafungua mwingine akalamba kidole, na Mama Futi aliyekuwa anafungua mdomo kumnong'oneza akasikia nyayo mlangoni. Binti alikuwa amesimama na simu yake, bado anapiga video. Mkono uliokuwa umeishika simu ulishuka polepole.

"Mama," alisema, "unafanya nini?"

Meneja naye akatokea. "Mama? Huoni?"

Maji yaliendelea kuchemka. Mama alikifuta kidole chake kwenye kanga, akageukia upande ilikotoka sauti.

"Nilikuwa naona vizuri tu mpaka juzi mlipoibadilisha nyumba yangu," alisema.

Meneja alilia. Msimdhanie vibaya, alilia kama mtoto, akamkumbatia mama yake, akajilaumu mbele ya watu wote. Halafu akafuta machozi, akarudi kuwa Meneja. Mama ataondoka leo leo, ahamie kwake, kuna chumba cha nyuma, kuna msichana wa kazi. Nyumba hii ifungwe. Mama Futi akaona asiponena sasa hatanena tena.

"Nipe hii wiki ya kasoro," alisema. "Nitairudisha ilivyokuwa. Kisha mwoneni mwenyewe anavyoishi ndani yake, ndipo mkate shauri."

"Urudishe uchafu?"

"Ndiyo. Wote."

Binti ndiye aliyemwokoa. Alimshika kaka yake mkono, akamwambia, "Kaka, hatujawahi kumwangalia. Tumwangalie mara moja tu." Meneja akakubali kwa masharti: nyumba ikisharudi, mama atatoka chumbani peke yake, aende jikoni, apike chai, na asiwepo wa kumsemesha. Akiweza, atabaki. Mama aliposikia alicheka. Alisema hilo si jaribio, hiyo ndiyo asubuhi yake ya kila siku.

Mama Futi hakuwahi kufanya kazi kwa woga namna ile. Alikuwa na picha za nyumba kabla haijaguswa, akazifuata. Kochi likarudi kwenye mashimo yake ya zulia. Meza ya kioo ikatoka, rafu ikang'olewa. Makopo yakarudi na mipira yake na kitambaa chake, kila moja mahali pake, na hapo mama mwenyewe alisimama akayapapasa moja baada ya jingine akaitikia kama anayesalimiana na majirani. Mama Futi alijipa moyo. Hata balbu iliyoungua aliirudisha, fundi umeme akamwona amerukwa na akili.

Ukuta ulimshinda. Alimwita fundi rangi wakajaribu. Wakachimba tundu pale lilipokuwa tundu, kwa kukisia picha, wakachora ufa kwa patasi. Lakini picha ilipigwa kwa mbali, na ule mstari wenyewe, ule wa viganja vya miaka, haukuwa wa kununuliwa dukani. Ukuta ulibaki unateleza, tundu na ufa vikiwa mahali palipokaribia tu kuwa penyewe.

Siku yenyewe walikaa sebuleni watatu, wanaiona korido yote. Mlango wa chumbani ukafunguka. Mama akatoka, kilemba kimefungwa, uso umetulia, akaweka kiganja ukutani akaanza kutembea, wala si polepole. Meneja alishtuka kuona mwendo ule. Mama Futi alikuwa amejishika kwenye futi yake.

Mama alikaribia bafu. Kiganja kiliendelea, kikakuta tundu la kupachika, kikasita. Kikarudi, kikalipapasa. Mama Futi akakohoa. Alikohoa bila kutaka, au alitaka, hata mwenyewe hakujua.

"Nani huyo anakohoa?" mama aliuliza bila kugeuka.

"Mimi, mama."

"Usinisaidie, mwanangu."

Akaendelea. Akapita bafu, kidole kikakuta ule ufa wa patasi. Mama akanyoosha mgongo kama mtu aliyefika kwake, akafungua mlango uliofuata, akaingia, akaufunga nyuma yake.

Ulikuwa mlango wa stoo.

Walisubiri asikike akishangaa, akipapasa, akiita. Hakuita. Meneja alianza kuinuka, Mama Futi akamdaka mkono kwa nguvu ambayo hakujua anayo. "Mwache," alisema. "Mwache atoke mwenyewe."

Alikaa humo muda mrefu kuliko inavyohitajika kujua kwamba ni stoo. Alipotoka alikuwa ameshikilia ufagio, labda kwa aibu, labda ndicho mkono ulichokutana nacho. Aliusimamisha ukutani kwa adabu.

"Nimekosea mlango," alisema. "Nifungieni nguo zangu."

Binti akaanza kulia. Meneja, ambaye alikuwa ameshinda, hakuwa na uso wa mtu aliyeshinda kitu. Walifunga nguo, wakafunga na yale makopo kwa sababu mama aliyataka, ingawa huko aendako jiko lilikuwa la mtu mwingine. Walipokuwa wakimpitisha koridoni, mmoja kila upande, mama alisimama mbele ya Mama Futi. Alimjua kwa kule kuvuta kwake kamasi.

"Mwanangu," alisema, "huu ukuta uliupaka rangi gani?"

"Nyeupe ya maziwa, mama."

Mama akaweka kiganja ukutani mara ya mwisho, akakipitisha juu, chini, juu.

"Bila shaka inapendeza," alisema, akawapa wanawe mikono wamwondoe.